Pengo

Ufunguo ulikuwa kwa Mofizul, fundi cherehani,
aliyekuwa akifungulia chupa za soda.
Aliufuta kwa kipande cha dishdasha, akanipa:
"Mama, ndani hamna kitu. Panya na viti."

Kweli. Viti vya harusi mia na ishirini,
vimebebana mgongoni hadi darini,
tangi lililopasuka, kiyoyozi kisicho matumbo,
na ukutani mstari wa tope, kimo cha kiuno changu:
hapo ndipo wadi ilipofika mwaka ule wa kimbunga.
Iliingia bila hodi, ikasoma rafu ya chini,
ikasoma ya pili,
ikaondoka nazo.

Hiki kilikuwa chumba cha Bi Asila.
Wenzake walirudi kutoka Unguja na mabirika ya shaba,
yeye na kasha la vitabu.
Akapanga hapa Wadi Adai, chini ya mlima usioota hata jani,
akaandika mlangoni kwa rangi ya buluu,
Kiarabu juu, Kiswahili chini:
INGIA. KAA. SOMA. VIATU NJE.
Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni nilikuwa bubu,
kila nikifungua mdomo darasa linacheka.
Humu ndimo ulimi wangu ulipopata pa kukaa.

Nyuma ya kabati niliokota daftari la kuazima.
Kurasa zimegandana kama chapati za jana;
nikazibandua kwa kisu cha siagi, moja moja.
Hilal. Badriya. Mundhir. Ghaniya.
Kila jina na tiki, kila tiki na tarehe.
Jina moja halina tiki:
Zuwena binti Saif, kitabu nambari 41,
Machi, themanini na sita. HAJARUDISHA.
Wino mwekundu. Mstari chini, mara mbili.

Ndiyo mimi.
Kilikuwa cha mbuzi aliyejifunza kuhesabu.
Labda kilipotea tulipohamia Al Khodh,
labda mama alikichana akafungia karanga.
Bi Asila hakunidai hata siku moja.
Alikufa ananidai.

Basi nikaanza kulipa.
Majirani walisema, watoto wa leo wana simu,
utafagia vumbi ulipate vumbi.
Bwana Ghusn wa duka la rangi alisema hivyo hivyo,
huku akinipakilia madebe mawili bure.
Viti tukavigawa misikitini, kumi nikavificha.
Mofizul akashona mapazia kwa mabaki ya vitambaa,
hakuna pazia linalofanana na mwenzake.

Agosti, nyuzi arubaini na saba, watoto wakaja.
Hawakufuata vitabu. Walifuata baridi.
Wakalala zuliani kama nguo zilizoanguka kambani,
wakaniuliza neno la siri la waifai.
Nikawaambia:
ni neno la saba, ukurasa wa kumi na mbili,
katika kitabu chenye jalada la kijani.
Vya kijani vilikuwa thelathini na nne.

Lo, kelele! Walipekua kama kuku jaani.
Wijdan akalipata siku ya tatu, akawauzia wenzake
kwa baisa mia mia. Sikumkemea,
alikuwa amepita vitabu kumi na tisa.

Al-Muatasim hakununua.
Ana miaka saba, meno ya mbele hana,
kila "s" inamtoka na mluzi.
Alikuwa kaishia kitabu cha sita,
amekaa chini ya kiyoyozi, kidole kwenye mstari,
anapiga mluzi ukurasa mzima, peke yake.

Jana jioni nimehesabu rafu ya tatu.
Kimoja hakipo, na daftarini hakuna jina.
Nikainua kalamu nyekundu.
Nikaifunika.

Vitabu vya pembeni vilikuwa vimeanza kuegemeana
juu ya lile pengo.
Nikavinyoosha, nikaweka birika la chai katikati,
visilizibe.